TARUMBETA LILILONYAMAZA: LITENGENEZWE AU LIUZWE KWA KILO?

Ndugu msomaji, huenda katika parokia yako au katika shule ya watoto wako ipo stoo yenye matarumbeta yaliyonyamaza. Moja halina kipande cha kupulizia. La pili pistoni zake zimekwama. La tatu limebonyea, na mabomba yake yameachana. Miaka inapita, vumbi linaongezeka, kisha siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu anafika na mizani yake.

Hapo ndipo mahali pa kuangalia sana. Tarumbeta la kawaida lina uzito wa kilo moja hivi. Kwenye mizani ya yule bwana ni kilo moja tu ya shaba, sawa na koki kuukuu za bomba. Lakini kwa kijana anayejifunza kupuliza, ni chombo kizima ambacho pengine hatakipata tena. Na mara nyingi kilichokiua chombo kile ni kitu kidogo: springi, kizibo, kipande cha sufi, au kiungo kilichofunguka.

Basi leo tutazame jinsi ya kujua ni sehemu gani iliyoharibika, ni ipi unayoweza kuibadilisha wewe mwenyewe nyumbani, ni ipi ya kumpelekea fundi, na ni ipi ambayo hutaipata mahali pengine isipokuwa katika tarumbeta jingine lililokufa.

MATARUMBETA SI MAGENI KWETU

Watu wa Afrika Mashariki wanayajua matarumbeta tangu zamani. Katika miaka ya 1890, huko pwani ya Kenya, ilianza ngoma iliyoitwa Beni, na jina hilo limetokana na neno bendi. Wachezaji walipanga mistari kama askari, wakavaa sare, wakapiga ngoma kubwa na matarumbeta. Makundi mawili mashuhuri yaliitwa Marini na Arinoti, nayo yalishindana sana. Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua Beni mpaka bara, ikaenea Tanganyika na nchi za jirani.

Sehemu nyingine matarumbeta ya shaba hayakupatikana. Upande wa Ziwa Nyasa watu walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakafunika tundu kwa utando mwembamba kama ule wa buibui, wakaimba ndani yake. Sauti ilitoka kama ya bendi kabisa. Ngoma hiyo huitwa Mganda, na upande wa Malawi huitwa pia Malipenga.

Siku hizi katika miji kama Arusha, Moshi na Dar es Salaam, wapiga matarumbeta hukaa juu ya gari wakaongoza msafara wa arusi. Kwa hiyo kazi ya matarumbeta haijafa. Kinachokufa ni vyombo visivyotunzwa.

SHABA NA MOTO

Sisi wa Katesh, chini ya mlima Hanang, tunaijua shaba vizuri. Akina mama wa Kibarbaigi huvaa bangili zake mikononi. Mafundi wa Kidatoga ni hodari wa kazi hiyo: huyeyusha koki za zamani, kufuli mbovu na vipande vingine vya shaba, wakipuliza moto kwa mivukuto ya ngozi, kisha humimina na kufua mpaka bangili inapatikana.

Tarumbeta nalo ni la shaba ya namna hiyo hiyo, yaani shaba ya manjano. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ile zinki inayopakwa juu ya mabati ya nyumba zetu. Mara nyingi sehemu saba katika kumi ni shaba nyekundu, na tatu ni zinki. Mchanganyiko huu huyeyuka kwenye moto wa nyuzi zaidi ya 900.

Je, basi tumpelekee mfua bangili tarumbeta letu? La, msomaji. Bangili ni nene, na tarumbeta ni jembamba. Ukuta wa mdomo wake mpana una unene wa nusu milimita hivi. Tena shaba ile imefuliwa baridi mpaka ikawa ngumu, na ugumu huo ndio unaoisaidia kulia vizuri. Ukiitia katika moto mkali hata ikaanza kuwa nyekundu kidogo, inalegea. Itabonyea kwa kuguswa tu, na sauti yake haitakuwa ile ya zamani. Moto wa kuyeyusha ni mzuri kwa bangili, lakini kwa tarumbeta ni kifo.

CHOMBO KINAFANYAJE KAZI?

Tarumbeta ni bomba moja refu lililokunjwa. Ukilinyoosha lina urefu wa karibu mita 1.4. Mpigaji hutetemesha midomo yake kwenye kipande cha kupulizia, na hewa iliyo ndani ya bomba hutoa sauti.

Pistoni tatu ni milango. Ukibonyeza ya kwanza, hewa inazungushwa katika kijibomba cha ziada, bomba linakuwa refu zaidi, na sauti inashuka kwa hatua moja nzima. Ya pili inashusha nusu hatua, na ya tatu inashusha hatua moja na nusu. Ufundi huu si wa zamani sana. Wajerumani wawili, Stölzel na Blühmel, walipata hati ya uvumbuzi wao mwaka 1818, na Mfaransa Périnet akatengeneza pistoni za namna tunayoitumia sasa karibu na mwaka 1839.

Ukielewa hivyo, utaona mara moja mambo mawili yanayotakiwa: hewa isivuje popote, na pistoni zipande na kushuka bila kukwama. Karibu magonjwa yote ya tarumbeta ni moja kati ya hayo mawili.

KWANZA TAFUTA UGONJWA

Fanya kama fundi wa baiskeli anapotafuta pancha. Ziba mdomo mpana kwa kitambaa safi kilichoviringwa vizuri. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Mwenzako apulize taratibu. Pale panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Weka alama kwa chaki.

Kisha jaribu pistoni. Usibonyeze kitu, vuta polepole kijibomba cha pistoni ya kwanza, halafu bonyeza pistoni hiyo. Ukisikia mlio mdogo kama wa kizibo kinachofunguka, pistoni bado inazuia hewa vizuri. Usiposikia kitu, huenda pistoni imelika au kijibomba chenyewe kinavuja. Fanya vivyo hivyo kwa nyingine, kisha rudisha vijibomba mahali pake.

SEHEMU UNAZOWEZA KUBADILISHA NYUMBANI

Kizibo cha mate. Chini ya bomba kipo kitundu cha kutolea maji yanayotokana na pumzi. Hufunikwa na kidole cha shaba chenye kizibo kidogo na springi. Kizibo kikioza hewa inavuja, na tarumbeta zima linakataa kulia. Wengi wamelitupa chombo kizuri kwa ajili ya kizibo hiki! Tafuta kizibo cha chupa ya divai, kile cha gome laini. Mwulize Padre, huenda anacho. Kata kipande cha mviringo kwa wembe, kizidi kidogo kina cha kikombe chake, kisha kibandike kwa gundi. Mpira wa tyubu ya baiskeli utafaa kwa muda, mpaka upate kizibo cha kweli.

Sufi ya pistoni. Chini ya kila kitufe cha pistoni pana duara la sufi iliyoshindiliwa. Kazi yake si kuzuia kelele tu. Ndiyo inayoifanya pistoni isimame mahali ambapo matundu yake yanakutana sawasawa na matundu ya mabomba. Sufi ikilika, pistoni inakwenda chini mno, matundu hayakutani, na sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Kofia kuukuu ya sufi yatosha kwa matarumbeta mengi. Lakini kata unene sawa na ule wa zamani. Pima kwanza, kata baadaye.

Springi za pistoni. Zikichoka, badilisha zote tatu pamoja, ziwe za namna moja. Usivute springi ya zamani ili irefuke. Itakwaruza ukuta wa silinda.

VITU VILIVYOKWAMA

Hapa ndipo uharibifu mkubwa hutokea, maana kijana mwenye nguvu huona aibu kushindwa na kitu kidogo.

Kipande cha kupulizia kikikwama, usikishike kwa koleo ukakizungusha. Bomba lake litajipinda kama kitambaa cha kukamuliwa, na viungo vitafunguka. Tia mafuta mepesi kwenye kiungo, acha usiku kucha, kisha gongagonga kwa kijiti huku mwenzako akivuta moja kwa moja bila kuzungusha. Ikishindikana, fundi mwenye mashine ya kukereza anaweza kutengeneza kifaa cha vibao viwili na skrubu, ambacho huvuta kipande kile kwa unyofu. Bendi ikiwa na kifaa kimoja cha namna hii, kitaisaidia miaka mingi.

Kijibomba kikikwama, tia mafuta kwenye kiungo na ungoje. Halafu pitisha kitambaa chenye nguvu katika mkunjo wake, shika ncha mbili, uvute kwa mkupuo mfupi. Kijibomba cha pili usikivute kwa nguvu, wala usikipige. Kiko karibu sana na silinda ya katikati, na pigo dogo hapo hubonyeza silinda.

Pistoni ikikwama, usiigonge kwa nyundo hata kidogo. Kwanza uliza: je, ni uchafu au ni mbonyeo? Kama ni uchafu, fungua pistoni, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tia mafuta mepesi. Usitumie maji ya moto, maana rangi ya juu inayolinda shaba itabanduka. Tena tazama namba zilizochongwa juu yake, 1, 2 na 3. Kila moja irudi katika nyumba yake. Wapo waliosema tarumbeta limekufa, kumbe pistoni ya kwanza imeingizwa mahali pa tatu.

Kama silinda imebonyea, acha. Hiyo ni kazi ya fundi wa vyombo hivi.

KAZI YA FUNDI WA REJETA

Mkono unaoshika mabomba pamoja ukiachana, au kiungo kikivuja, kinahitajika kulehemu. Nani afanye kazi hii? Usimpelekee mtu wa gesi anayeunga mageti na fremu za baiskeli. Moto wake ni mkali kupita kiasi.

Mtafute fundi wa rejeta za magari. Rejeta za zamani ni za shaba, nazo huungwa kwa lehemu laini, sawasawa na viungo vya tarumbeta. Lehemu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 180 hadi 230 hivi, mbali sana na nyuzi za kuharibu shaba. Fundi huyu tayari ana mkono wa kazi hiyo. Mweleze tu mambo manne.

La kwanza, asafishe kiungo mpaka shaba ing'ae, maana lehemu haishiki uchafu. La pili, afunike viungo vya jirani kwa kitambaa kilicholowa, visije vikafunguka navyo. La tatu, aweke pande zote mbili mahali pake bila kuzilazimisha. Bomba likiungwa huku limevutwa, siku moja litapasuka. La nne, atumie lehemu isiyo na risasi, hasa karibu na mdomo wa mpigaji, kwa maana risasi ni sumu mwilini, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Kazi ikiisha, asidi yote ioshwe kwa maji mengi na sabuni, nje na ndani. Asidi ikibaki itaila shaba kimyakimya.

Kuhusu mbonyeo wa mdomo mpana: mbonyeo mdogo hauharibu sauti sana. Afadhali uuache kuliko kuugonga kwa nyundo. Fundi mwenye ujuzi huusukuma kutoka ndani kwa chuma cha mviringo kilicholainishwa, kidogo kidogo, bila haraka.

BOMBA LA KWANZA LIKIOZA

Bomba linalopokea pumzi kutoka kwenye kipande cha kupulizia ndilo linaloteseka kuliko yote. Mate yana tindikali, nayo huiondoa zinki katika shaba. Utaona madoa mekundu yenye kitovu cheusi. Ukilifuta bomba, madoa hayatoki. Maana yake limeoza kutoka ndani, na kulehemu juu yake ni kushona kiraka kwenye nguo iliyooza. Hapo hapana budi kubadilisha bomba zima.

Wengine hutafuta bomba la shaba la friji, wakalikata kwa urefu ule ule. Litatoa sauti, ndiyo, lakini sauti zitakataa kupatana. Sababu ni kwamba bomba la tarumbeta si sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Tundu lake linaanza jembamba, kisha linapanuka kidogo kidogo. Macho hayaoni vizuri, lakini sikio linajua. Kwa hiyo bomba jipya lazima liwe la tarumbeta la namna ile ile. Lile bovu usilitupe. Litunze liwe kipimo.

Na pistoni? Hizo ni ngumu zaidi. Kila pistoni husuguliwa pamoja na silinda yake mpaka nafasi kati yao inakuwa nyembamba kuliko unywele. Pistoni ya tarumbeta jingine, hata la kiwanda kile kile, mara nyingi haitaingia, au itaingia na kuvuja.

Ndiyo sababu tunasema: tarumbeta lililokufa lina thamani kubwa. Lile lenye mdomo uliopasuka laweza kutoa bomba la kwanza, vitufe, vijibomba na kidole cha mate kwa mwenzake. Matatu yaliyovunjika yaweza kuzaa moja au mawili yanayolia, yakiwa ya kiwanda kimoja na ukubwa mmoja. Ukiyauza kwa kilo, umeuza vipuri ambavyo duka lolote la karibu halina.

USIWEKE TARUMBETA KARIBU NA ZIZI

Jambo hili linatuhusu sana sisi wafugaji. Zamani, huko India, jeshi la Waingereza lilihifadhi risasi zake karibu na mazizi ya farasi. Majira ya mvua yalipofika, maganda ya shaba yalionekana yamepasuka yenyewe, bila kuguswa na mtu. Baadaye sababu ilijulikana: mkojo wa wanyama hutoa hewa kali iitwayo amonia, nayo ikikutana na unyevu huipasua shaba iliyofuliwa ikabaki na mkazo ndani yake.

Tarumbeta ni shaba ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo lisikae karibu na zizi, wala banda la kuku, wala dari yenye kinyesi cha popo. Unavyosikia ile harufu inayochoma pua asubuhi zizini, ujue shaba nayo inaisikia.

Baada ya kupuliza, mpigaji atoe maji yote na kufuta chombo kwa kitambaa kikavu. Vijibomba vipakwe vaselini kidogo. Pistoni zitiwe mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Yakikosekana, mafuta ya cherehani yanafaa kwa muda. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, maana hugeuka gundi. Na kwa kuwa upepo wa kiangazi hapa kwetu hubeba vumbi jingi, kila chombo kiwe na mfuko wake, hata kama ni wa kitambaa kilichoshonwa na mama nyumbani.

KABLA YA KUITA MWENYE MIZANI

Basi, wazee wa kamati, walimu wa bendi, nanyi vijana, fanyeni hivi mwezi huu. Toeni vyombo vyote nje stoo, vipangeni juu ya mkeka. Andikeni katika daftari: chombo gani, cha kiwanda gani, sehemu gani imeharibika. Badilisheni vizibo na sufi. Osheni pistoni. Vyenye viungo vilivyofunguka pelekeni pamoja kwa fundi mmoja wa rejeta, siku moja, mpatane bei moja. Visivyopona vivueni sehemu nzima zote, mzifunge katika kopo lenye jina, mziweke mahali pakavu.

Mkiisha kufanya hayo yote, kikabaki kipande ambacho hakifai kitu, hicho mpelekeeni mfua bangili. Naye atakifurahia.